Ukuta unavuja: ni kocha au ni mabeki? Tuweke pande zote mezani kabla hujaamua nani aondoke

Timu ikianza kufungwa hovyo mashabiki tunagawanyika kambi mbili na zote zinapiga kelele usiku kucha. Kambi ya kwanza inasema kocha ndo tatizo, hajui kukabisha, atimuliwe leo leo. Kambi ya pili inasema hata umlete kocha gani duniani, kwa mabeki hawa utafungwa tu, kwani kocha ataingia uwanjani kukaba? Nimeufuatilia huu ubishi muda mrefu na naona watu wengi wanachagua kambi kwa mapenzi, anayempenda kocha anawatupia lawama wachezaji na asiyempenda anamtupia yeye, basi imeisha. Mi nataka tuchague kwa ushahidi. Tuangalie timu ambazo kitu kimoja kilibadilika na kingine kikabaki vilevile: kocha kabadilika wachezaji ni wale wale, au wachezaji wamebadilika kocha ni yule yule. Hapo hamna pa kujificha.

Msimamo wangu nautoa mapema usije ukasoma huku unajiuliza nimeegemea wapi. Kocha anabeba mzigo mkubwa kuliko wanavyokubali wanaomtetea, ila sio kwa kila goli. Kuna magoli ni ya kocha, kuna magoli ni ya beki au kipa, na kuna magoli ni ya waliokaa ofisini wakati wa usajili, na ukishindwa kuyatenganisha unaweza ukashangilia kufukuzwa kwa mtu alafu mwakani timu inafungwa vilevile.

Kocha kabadilika, wachezaji ni wale wale

Hapa mfano mzuri kuliko yote ni Chelsea ya 2020/21. Frank Lampard aliongoza mechi 19 za kwanza za ligi, timu ikafungwa magoli 23. Tarehe 26 Januari 2021 akaingia Thomas Tuchel, akaongoza mechi 19 zilizobaki, timu ikafungwa magoli 13. Msimu ule ule, idadi ya mechi ile ile, na dirisha la Januari halikuleta beki hata mmoja. Alichofanya ni kupanga mabeki watatu nyuma, akamrudisha Antonio Rüdiger ambaye alikuwa anaozea benchi, akamvuta César Azpilicueta ndani akawa beki wa kati upande wa kulia, na mbele yao akaweka viungo wawili wanaokaa karibu karibu ili mpira ukipotea kuwe na watu. Mechi 14 za kwanza kwenye mashindano yote hakupoteza hata moja. Ligi ya Mabingwa hatua ya mtoano wakapita kwa Atlético Madrid, Porto, Real Madrid, wakaifunga Manchester City fainali, mechi saba nzima wamefungwa magoli mawili tu.

Sasa wale wa "hata umlete nani" wanieleze, Rüdiger wa Desemba na Rüdiger wa Mei ni watu wawili tofauti? Ni yule yule. Kilichobadilika ni nani anasimama pembeni yake, nani anasimama mbele yake, na timu ikipoteza mpira kila mtu anakimbilia wapi. Hiyo ni kazi ya kocha asilimia mia.

Ila Lampard nae tumtendee haki. Msimu wake wa kwanza, 2019/20, walifungwa magoli 54, ukigawa ni kama goli 1.4 kila mechi. Dirisha kubwa likaleta Thiago Silva, Ben Chilwell, na Édouard Mendy akachukua nafasi ya Kepa golini, wastani ukashuka ukawa 1.2. Akaja Tuchel ukashuka tena ukawa kama 0.7. Yani kipa mpya na mabeki wapya walipunguza kidogo, kocha mpya akapunguza karibu nusu ya kilichobaki. Mi hizo hesabu zinanitosha kusema kocha anaweza kuwa kitu kikubwa kuliko usajili, pale ambapo mabeki wenyewe ni wazuri. Hilo la mwisho ndo watu wanalirukaga, na ndo linatupeleka upande wa pili.

Wachezaji wamebadilika, kocha ni yule yule

Liverpool ya Jürgen Klopp. Oktoba 2017 walipigwa 4-1 na Tottenham pale Wembley, Dejan Lovren akatolewa dakika ya 31 tu maana Harry Kane alikuwa anafanya anachotaka. Kelele za wakati ule zilikuwa ni zile zile tunazozisikia leo: huyu kocha anajua kushambulia tu, mpira wake wa kukimbiza unawaacha mabeki uchi, hatachukua ubingwa kamwe. Januari 2018 akaja Virgil van Dijk kutoka Southampton kwa pauni milioni 75. Mei ile ile fainali ya Ligi ya Mabingwa wakafungwa 3-1 na Real Madrid, Loris Karius akafanya makosa mawili yaliyozaa magoli, baada ya hapo akaletwa Alisson kutoka Roma. Angalia ligi sasa: 2016/17 walifungwa 42, 2017/18 wakafungwa 38, 2018/19 wakafungwa 22. Kocha yule yule, na timu haikurudi nyuma kupaki basi, fulubeki wote wawili bado walikuwa wanapanda mpaka kwenye boksi la mpinzani.

Alafu ikaja ya kinyume chake. Oktoba 2020 Van Dijk akaumia goti kwenye mechi na Everton, Joe Gomez akafuata mwezi uliofuata, Joël Matip nae akaumia Januari, viungo kina Fabinho na Jordan Henderson wakaanza kuchezeshwa nyuma. Mabingwa watetezi wakapoteza mechi sita mfululizo nyumbani kwao na msimu ukaisha wamefungwa 42, yani wamerudi pale pale walipokuwa kabla Van Dijk hajaja. Pia kumtoa Fabinho katikati kumpeleka nyuma kulitoboa sehemu ya pili, kwa sababu sasa mabeki hawakuwa na mkata umeme (kiungo mkabaji) mbele yao. Jeraha moja la beki linaharibu nafasi mbili, hili hata makocha wakilisema watu wanaona ni visingizio.

Arsenal ya 2022/23 ni ushahidi mwingine wa upande huu na wenyewe ni msafi kabisa. Mechi 27 za ligi William Saliba yupo, wamefungwa 25. Katikati ya Machi akaumia kwenye mechi na Sporting, siku hiyo hiyo Takehiro Tomiyasu nae akaumia, mechi 11 zilizobaki wakafungwa 18. Wakaongoza 2-0 kwa Liverpool ikaisha 2-2, wakaongoza 2-0 kwa West Ham ikaisha 2-2, Southampton iliyokuwa inashuka daraja ikawafunga matatu ndani ya uwanja wao wa Emirates. Mikel Arteta hakubadilika wiki ile. Alikosa beki mwenye kasi wa kumruhusu kupandisha ukuta, yani kuisogeza mbele safu nzima ya mabeki, aliyeingia badala yake hakuwa na kasi hiyo, basi mfumo mzima ukarudi nyuma hatua kadhaa na katikati pakafunguka.

Hapa mtu atauliza, sasa si ungemlaumu Arteta kwa kutokuwa na mbadala? Swali zuri. Kidogo ndio. Mbadala wa beki bora wa timu haupatikani kirahisi, lakini kocha akiona hana mtu wa kasi anatakiwa ashushe ukuta, sio kuendelea kana kwamba Saliba yupo. Hapo kambi zote mbili zina haki kwa goli moja hilo hilo, na ndo maana huu ubishi hauishi.

Goli lenyewe limeingiaje?

Hii ndo sehemu ninayoomba usiipite haraka. Watu wanaangalia idadi ya magoli, mi nakuomba uangalie aina ya magoli.

Magoli ya kaunta kwanza. Timu imepoteza mpira karibu na boksi la mpinzani, sekunde kumi baadae mpira uko wavuni kwako. Runinga itakuonyesha beki wa mwisho anakimbia anaangalia namba mgongoni mwa straika, na wewe utamtukana beki. Rudisha nyuma uone. Fulubeki wote wawili walikuwa wapi? Kiungo mkabaji alikuwa wapi? Kama mabeki wa kati wawili wanakabiliana na washambuliaji watatu wanaokuja kwa kasi, hamna beki duniani wa kukuokoa kila siku, hiyo ni ya kocha. Timu zilizofundishwa vizuri zinashambulia huku zimeshapanga watu watatu mpaka watano wa kubaki nyuma, kabla mpira haujapotea. Likiingia mara moja ni bahati mbaya, likiingia kila wiki huku mabeki wanabadilishwa badilishwa, acha kuwatukana mabeki.

Magoli ya mipira iliyokufa, kona na faulo, nayo kwa sehemu kubwa nampa kocha, kwa sababu hapo mchezo umesimama. Kila mtu ana muda wa kujua anasimama wapi. Unakaba eneo au mtu kwa mtu, nani anasimama mlingoti wa karibu, nani anazuia wasimbane kipa, vyote vinafanyiwa mazoezi. Klabu kubwa siku hizi zinaajiri kocha maalum wa hii kazi tu, Arsenal walimleta Nicolas Jover mwaka 2021 na kila mtu ameona tofauti. Ila kuna kitu hakifundishiki, urefu. Ukipewa kikosi cha wafupi utapigwa vichwa hata ukipanga vipi.

Makosa binafsi. Kipa katema shuti jepesi, beki katoa pasi ya nyuma fupi straika akaidaka, beki kavuta mtu jezi ndani ya boksi. Hii ni ya mchezaji, tusizunguke. Lakini weka jicho kwenye mambo mawili. La kwanza, yanajirudia kwa mtu yule yule na bado anapangwa huku kuna mwingine benchi yuko fiti? Kosa la tatu linakuwa la anayempanga. La pili, hilo kosa limetokea akifanya alichoambiwa? Beki asiyejua kucheza mpira akilazimishwa kuanza mashambulizi kwa pasi fupi mbele ya kipa huku watu watatu wanampresi, akiupoteza mnamzomea yeye, na aliyemwambia afanye hivyo kasimama pembeni amekunja mikono.

Krosi za mlingoti wa mbali, mtu anafunga kichwa peke yake hamna aliyemgusa, mara nyingi ni beki wa upande wa pili kazubaa, lakini winga ambaye harudi kumsaidia ni ruhusa ya kocha. Magoli ya dakika za majeruhi nayo huwa ni pumzi na sabu (kubadilisha wachezaji), angalia nani kaingizwa na lini.

Mfano mgumu: Leeds

Wanaopenda majibu mepesi Leeds inawasumbua. Marcelo Bielsa kawapandisha 2020, msimu wa kwanza ligi kuu wakamaliza nafasi ya 9 wamefungwa 54, dunia nzima ikawapenda. Msimu wa pili kukachafuka. Bielsa anakaba mtu kwa mtu uwanja mzima, kila mchezaji ana mtu wake anamfuata popote, kwa hiyo mmoja akipitwa hamna wa kuziba na mlango uko wazi mpaka golini. Desemba 2021 wakaumia Kalvin Phillips kiungo mkabaji na Liam Cooper beki na nahodha. Yeye hakubadilisha kitu. Februari 2022 peke yake walifungwa magoli 20 ndani ya mechi tano: matatu Villa, matatu Everton, manne Manchester United, sita Liverpool, manne Tottenham. Tarehe 27 Februari akatimuliwa, mechi 26 magoli 60.

Akaja Jesse Marsch, mechi 12 wakafungwa 19, wakanusurika kushuka siku ya mwisho. Kambi ya kocha ikashangilia, mnaona? Tulisema!

Tulia kwanza. Msimu uliofuata, 2022/23, Phillips keshauzwa Manchester City, Marsch akaanza, akatimuliwa Februari, akaja Javi Gracia, akatimuliwa, akaja Sam Allardyce kwa mechi nne za mwisho, mtu ambaye maisha yake yote ya ukocha amejulikana kwa kukaba. Leeds wakafungwa 78 wakashuka. Msimu wa Bielsa kutimuliwa jumla ilikuwa 79. Tofauti ni goli moja! Mifumo mitatu tofauti kabisa na ukuta ulivuja vilevile. Kwangu mimi hii inasema Bielsa alikosea Februari ile kwa kukataa kushusha presha wakati watu wake wa katikati ya uwanja hawapo, hilo simsamehi, lakini pia kile kikosi hakikuwa na mabeki wa daraja lile na yeye alikuwa amelificha hilo mwaka mzima kwa mbio na nidhamu. Kocha yule yule alikuwa dawa na baadae akawa ugonjwa, na kikosi kilikuwa dhaifu muda wote.

Tottenham nao wanaingia hapa hapa. Jumla ya magoli waliyofungwa ligini misimu mitatu: 63 msimu wa 2022/23 walioanza na Antonio Conte, muumini wa kujilinda, alafu 61 na 65 chini ya Ange Postecoglou anayepandisha ukuta mpaka mstari wa katikati. Makocha wawili wanaopingana kila kitu na namba karibu sawa. Watu walimkumbuka Postecoglou kwa ile mechi ya Novemba 2023 na Chelsea, wako tisa uwanjani baada ya Cristian Romero na Destiny Udogie kula nyekundu na bado ukuta uko juu, wakala 4-1. Ile ilikuwa ya kwake, alichagua. Lakini 2024/25 Romero, Micky van de Ven na kipa Guglielmo Vicario wote walikaa nje kwa miezi, Archie Gray kijana wa miaka 18 ambaye ni kiungo akawa anacheza beki wa kati, sasa hapo unamdai kocha klinshiti (mechi bila kufungwa) kutoka wapi? Wakamaliza nafasi ya 17. Na Mei 2025 Romero na Van de Ven wakiwa wamerudi, fainali ya Europa League na Manchester United, Postecoglou huyu huyu alishusha timu, akakaba, wakashinda 1-0, Van de Ven akaokoa mpira kwenye mstari. Kumbe kukabisha anajua. Na hilo kwangu linamwongezea lawama, maana kama unajua kushusha timu kwa mechi moja kubwa, mbona hukuishusha ule mwezi ambao mabeki wako wote wako hospitali?

Kuna kocha anayenunua magoli kwa hatari

Usimhukumu kocha kwa magoli ya kufungwa tu bila kutazama upande wa pili wa daftari. Hansi Flick msimu wa 2024/25 Barcelona wamefungwa 39 kwenye ligi, kwa bingwa wa Hispania ni mengi, lakini wamefunga 102. Ukuta wake wa juu ulimnasa Kylian Mbappé kwenye mtego wa kuotea mara 8 kwenye mechi moja ya Clásico, yani Barcelona na Real Madrid, wakashinda 4-0 pale Bernabéu, nyumbani kwa Madrid. Ukuta huo huo ukatobolewa na Inter nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, 3-3 alafu 4-3, wakatolewa kwa jumla ya 7-6. Huwezi kuchukua ya Clásico ukaikataa ya Inter, ni bidhaa moja.

Sasa hatari ikilipa unanyamaza, isipolipa una haki ya kusema. Liverpool ya Brendan Rodgers 2013/14 walifunga 101 wakafungwa 50 wakakosa ubingwa kwa pointi mbili, waliochukua, Manchester City, walifungwa 37. Pale Crystal Palace waliongoza 3-0 mpaka dakika ya 79, ikaisha 3-3. Wengi walimlaumu beki mmoja mmoja kwa yale magoli matatu, mi nauliza timu inayoongoza tatu bila ugenini imebakiza dakika kumi na moja ilikuwa inatafuta nini mbele. Walikuwa wanatafuta tofauti ya magoli, ndo hivo, na hayo ni maamuzi ya benchi.

Sifa za ukuta wa kurithi

Kitu kingine kinachopotosha ni urithi. Arsène Wenger msimu wa 1998/99 Arsenal walifungwa magoli 17 tu kwenye ligi, lakini Seaman, Dixon, Adams, Bould, Winterburn na Keown aliwakuta wote klabuni, ukuta uliopikwa na George Graham aliyekuwa ameshafungwa 18 tu msimu wa 1990/91. Wenger nae alijenga wake, ule wa Sol Campbell na Kolo Touré uliomaliza 2003/04 bila kupoteza, kwa hiyo sio kwamba hakuweza. Miaka ya mwisho ndo ikaporomoka, 8-2 na Manchester United pale Old Trafford Agosti 2011, msimu wake wa mwisho 2017/18 wamefungwa 51. Miaka ishirini na kitu klabu moja, kila beki ni wa kumsajili yeye, hapo hamna tena wa kugawana nae lawama. Kwa hiyo kabla hujamsifu au kumlaani kocha, uliza mabeki hawa ni wa nani. Kocha wa miezi minne na kocha wa miaka minne hawapimwi sawa.

Na wa ofisini? Manchester United walifungwa 58 msimu wa 2023/24 chini ya Erik ten Hag, wakafungwa 54 uliofuata ambao ulianza nae ukamalizika na Ruben Amorim na mfumo wa mabeki watatu. Ten Hag alikuwa na kosa lake kubwa, lile bonde kati ya viungo na mabeki ambalo kila timu ililiona, wakaongoza 3-0 kwa Coventry nusu fainali ya FA ikawa 3-3. Lakini Lisandro Martínez na Luke Shaw walikuwa majeruhi karibu msimu mzima na nusu ya pili ya msimu hakukuwa na beki wa kushoto wa asili wa kuziba. Mchezaji anayejulikana anaumia kila mwaka ukiingia nae msimu bila mbadala, hiyo sio ya beki wala sio ya kocha peke yake.

Sasa wewe uchague upande gani

Mi ningekwambia hivi. Chukua magoli kumi ya mwisho timu yako iliyofungwa, yatazame yote kuanzia pale mpira ulipopotea, sio kuanzia pale straika anapopiga. Kama magoli yanafanana na yanaingia hata mabeki wakibadilishwa, kaa kambi ya kocha bila aibu, na kama ana zaidi ya msimu mmoja pale na mabeki ni wake, usimwonee huruma. Kama magoli hayafanani, leo kipa, kesho penati ya kijinga, keshokutwa pasi ya nyuma, na kabla ya fulani kuumia mlikuwa mnapata klinshiti, kaa kambi ya wachezaji, subiri majeruhi warudi, ukimtimua kocha sasa hivi unarudi nyuma.

Kama makocha wawili au watatu wenye mifumo tofauti wamepita na namba haijasogea, kama Leeds na Tottenham, achana na benchi kabisa, elekeza kelele kwa wanaosajili. Hilo ndo gumu kuliko yote kwa sababu wale hawaonekani kwenye runinga kila wiki na ni rahisi kumpigia kelele anayeonekana.

Na kuna hali moja ambayo mi sina subira nayo hata kidogo: kocha anayejua watu wake wa nyuma hawapo na bado anacheza kana kwamba wapo. Majeruhi sio kosa lake, kutobadilika ni kosa lake. Hapo nampa mechi tatu nne aonyeshe ameshusha ukuta, ameongeza kiungo mkabaji, amemzuia fulubeki mmoja asipande, hata kama mpira utakuwa mbaya kuutazama. Akikataa, basi hata mi ambaye nimewatetea makocha wengi humu nitasema aende.

Akiletwa mpya usimpime kwa mechi mbili za kwanza, wachezaji huwa wanakimbia mara mbili kocha mgeni akiwepo. Tafuta lile goli lililokuwa linaingia kila wiki enzi za aliyeondoka, lile la kaunta au lile la kona, uone kama bado linaingia baada ya mechi kumi.